Vinyama vya njano kwenye ngozi: uvitoe kwanza au upime damu kwanza?

Mbukwenyi ndugu zangu. Mwezi huu peke yake nimeulizwa na watu watatu swali lile lile, wawili wanawake wenzangu na mmoja baba mtu mzima, eti dada vile vinyama vya njano ulivyokuwa navyo machoni ulivitoaje na ulitoa shilingi ngapi. Nikijibu "kwanza umepima mafuta kwenye damu?" naona mtu ananishangaa, yeye kauliza habari za sura mi namletea habari za maabara. Kwahiyo nimeona niandike yote mahali pamoja, nilinganishe kimoja na kingine, ili mwenye navyo ajue vyake ni vya aina gani, aanzie wapi, na kama anataka kuvitoa atumie njia ipi. Mi sio daktari, nafanya kazi ya ofisini hapa Dodoma, ila haya mambo yametupitia nyumbani kwetu mara mbili, na kwa jirani yangu mara moja, na kila mara tulianzia pasipo.

Vyangu vilianza nikiwa na miaka 41. Kope ya juu, upande wa ndani karibu na pua, jicho la kulia kwanza, afu baada ya kama mwaka la kushoto nalo. Bapa, laini, haviumi haviwashi, rangi kama mafuta ya kuku wa kienyeji yakiganda kwenye sufuria asubuhi. Kwa ngozi zetu nyeusi mara nyingi sio njano ile ya kuonekana toka mbali, inakuwa kama njano iliyochanganyika na kahawia, mtu anaweza kudhani ni alama ya poda tu. Nikaenda sehemu moja ya urembo mjini, mdada akaniambia hizo ni sunzua akanipaka dawa ya kuchomea sunzua, nikakaa na kidonda juu ya jicho wiki mbili nikiomba Mungu isiingie ndani. Vikaondoka. Miezi 8 baadaye vimerudi, na pembeni pameachwa baka jeupe ambalo mpaka leo nalipaka wanja kulificha. Wala hakuna aliyeniuliza hata mara moja kama nimewahi kupima lehemu, yani kolesteroli, mafuta ya kwenye damu.

Nilipokuja kupima kolesteroli yote ilikuwa 6.9, ile mbaya wanayoiita LDL 4.6, zote ziko juu, na mi ni mwembamba tu, kilo 58. Hapo ndo nilianza kusoma na kuuliza.

Vyenyewe ni nini hasa

Kitaalamu vinaitwa zanthoma, na vile vya kwenye kope vina jina lao la zantelasma, mzizi ni neno la Kigiriki lenye maana ya njano. Mafuta yanasafiri kwenye damu yakiwa yamebebwa na protini. Yakizidi, au mbebaji akiwa na hitilafu, yanapenya kuta za mishipa midogo yanaingia kwenye ngozi, zile seli za mwili zinazokula uchafu zinayameza mpaka zinavimba, ukiziangalia kwa darubini zinaonekana kama zimejaa povu. Zikijikusanya nyingi sehemu moja unaona kile kinyama cha njano. Na hizo seli za povu ndo hizo hizo zinazojijenga kwenye kuta za mishipa ya moyo mtu akiwa anaziba mishipa. Yani kwenye kope unaona kwa macho kazi ambayo inaweza kuwa inaendelea kifuani bila kuiona. Ndo mana nikasema kukimbilia kuvikwangua kabla ya kupima ni kama kuzima king'ora ukaacha moto.

Sasa sio vyote vina uzito mmoja, na hapa ndo watu wanachanganya. Kinachotofautisha ni mahali vilipo na kasi vilivyokuja nayo.

Vya machoni na vile vinavyomwagika ghafla

Vya machoni vinakuja polepole, miaka, kwa watu wa miaka 40 na kuendelea zaidi, wanawake kidogo zaidi ya wanaume. Karibu nusu ya wenye navyo wakipimwa wanakutwa mafuta yako juu, nusu nyingine yako kawaida kabisa. Watu wakisikia hiyo nusu ya pili wanafurahi wanalala. Sasa sikia, kule Denmaki, mji wa Copenhagen, walichukua watu 12,745 wakawaangalia macho na damu kati ya 1976 na 1978, wakawafuatilia mpaka 2009, majibu yakatoka 2011. Wenye zantelasma walipata mshtuko wa moyo zaidi ya wasionazo, hatari yao ilikuwa juu kwa karibu nusu nzima, na hiyo ni baada ya kutoa hesabu ya kolesteroli, presha, sigara na hayo mengine. Kwahiyo hata majibu yakitoka safi bado unatakiwa upimwe presha na sukari, na kama unavuta sigara uache. Hata hivyo sio jambo la kukimbizana nalo usiku, wiki hii au ijayo unaweza kupanga siku ukaenda.

Vya kumwagika ghafla ni habari nyingine kabisa. Kaka yangu anaendesha roli, njia yake Dodoma Singida mpaka Kahama huko, na mwaka juzi akatokewa na vipele matakoni, nyuma ya mapaja, kwenye viwiko na mabegani, ndani ya kama wiki tatu vikawa mamia. Vidogo kama punje za uwele, kichwa cha njano, pembeni pekundu kwa mbali, vinawasha. Yeye akasema ni joto la kiti. Shemeji akampaka mafuta ya mgando ya watoto, duka la dawa wakampa krimu ya fangasi, afu wakampa vidonge vya mzio. Mi nilivyoviona tu nikamwambia kaka twende, akagoma, akaniambia "dada nina mzigo wa watu", akaenda safari akarudi, kiu haimwachi, anakunywa maji lita tano kwa siku na soda juu. Tulipofika hospitali yule kijana wa maabara alivyotoa damu ikatulia kwenye chupa, juu pakakaa ute mweupe kama maziwa. Mafuta ya aina ya trigliseridi yalisoma 31, wakati yanatakiwa yasizidi 1.7. Sukari 19. Hakuwa anajua kama ana kisukari.

Swali la kwanza daktari alilomuuliza halikuwa la vipele, alimuuliza "tumbo linakuuma? hapa juu, likichomoka mpaka mgongoni?". Mana trigliseridi zikivuka kama 11 kongosho linaweza kuvimba ghafla, na kuvimba kwa kongosho kunaua. Akalazwa siku hiyo hiyo.

Kwahiyo weka hivi viwili pamoja uone. Cha machoni ni cha polepole, kinahusu zaidi kolesteroli na moyo wa miaka ijayo, na hata ukitibu damu chenyewe mara nyingi hakiondoki. Cha kumwagika ni cha wiki chache, kinahusu trigliseridi, sukari isiyotibiwa, pombe, wakati mwingine dawa kama homoni za estrojeni, steroidi, vidonge vikali vya chunusi au baadhi ya ARV za zamani (usiache ARV zako kwa kusoma hapa, mwambie daktari wa kliniki yako apime mafuta aone kama kuna cha kubadilisha), kinahusu kongosho la leo au kesho, lakini damu ikitulia chenyewe kinapotea bila kukwangua chochote. Kaka yangu vilikuwa vimelala kabisa kama baada ya miezi miwili, vimebaki vivuli vya kahawia tu. Angeenda kuchomwa mamia yale si angechunwa mzima bure.

Na mtu mwenye hivi vya pili akipata maumivu ya juu ya tumbo na kutapika, asisubiri asubuhi, asinywe kitu, apelekwe.

Vya kwenye mishipa ya kisigino na vidole

Hivi ndo vinanipa uchungu zaidi kuliko vyote, mana havionekani kama ugonjwa wa ngozi. Ngozi ya juu iko kawaida, rangi ya kawaida, ila ukishika ule mshipa mkubwa wa nyuma ya kisigino (sio mshipa wa damu, ni ile kano inayoshika msuli na mfupa) unakuta mnene, una vinundu vigumu ndani, ukichezesha mguu navyo vinaenda na mshipa. Au juu ya vifundo vya vidole vya mkono, ukikunja na kukunjua vidole vinatembea. Jirani yangu huku Ipagala alikuwa navyo visiginoni toka binti, ana miaka 34, alidhani ni viatu. Babake alianguka shambani Kongwa akiwa na miaka 43, akafa pale pale, na ukoo mzima mpaka leo una ugomvi kuhusu nani alimroga. Baba mdogo naye akafuata na miaka 40 na kitu.

Huyu dada kolesteroli yake mbaya ilisoma 8.4.

Huo ni ugonjwa wa kurithi, ini linashindwa kuiondoa LDL kwenye damu kwa sababu vile vipokezi vyake, yani vishikio vya kuidakia LDL, vina kasoro ya toka tumboni, na vipokezi hivyo ndo viliwapa Brown na Goldstein wa Marekani tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mzazi akiwa nao kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Wataalamu wanakadiria mtu mmoja kati ya kama 300 duniani anao. Sensa ya 2022 ilihesabu mkoa wetu watu zaidi ya milioni 3, kama uwiano ndo huo basi ni watu kama elfu kumi Dodoma tu, na niambie wewe umewasikia wangapi? Tunawazika tunasema presha, tunasema kuna mkono wa mtu.

Ukilinganisha basi, hivi vya kwenye mishipa ndo ushahidi mzito kuliko vyote kwamba tatizo ni la ukoo. Zantelasma inaweza kuwa ya kurithi, inaweza isiwe, hata kwa mtu ambaye mafuta yake yako sawa inatokea. Vinundu vya kisigino na LDL ya juu ya 4.9 daktari haulizi mara mbili. Na ikitokea mtoto mdogo, chini ya miaka 10, ana vinyama vya njano magotini, viwikoni, matakoni au katikati ya vidole, huyo anaweza kuwa amerithi toka kwa baba na mama wote wawili, ni nadra sana lakini mtoto wa hivyo moyo wake unaweza kuziba kabla hajamaliza shule, apelekwe hospitali kubwa haraka.

Kuna aina nyingine nazipitia tu. Mistari ya njano kwenye mikunjo ya kiganja, na manundu makubwa ya njano viwikoni na magotini, inaonyesha hitilafu fulani ya kurithi ambapo kolesteroli na trigliseridi vinapanda pamoja, na inatibika vizuri. Mabaka mapana ya njano shingoni, kifuani na kuzunguka macho kwa mtu mzima ambaye mafuta yake ni ya kawaida, daktari ataomba vipimo vya protini za damu mana wakati mwingine nyuma yake kuna ugonjwa wa uboho. Na vinyama vya machoni vikiambatana na kuwashwa mwili mzima bila upele, uchovu, macho kuanza kuwa manjano, hapo ni njia za nyongo na ini, hasa kwa mama wa umri wa kati. Mwili kuvimba na mkojo wa povu, figo. Baridi isiyoisha, unene unaokuja bila kula sana, choo kigumu, tezi ya shingoni imelegea.

Vinavyofanana navyo lakini sio

Hapa watu wanapoteza hela kweli. Mzee mmoja hapa mtaani alikuwa na uvimbe mgongoni, laini, ukiubonyeza unateleza chini ya ngozi, akaambiwa ni mafuta basi akaenda kupima kolesteroli mara tatu akaacha kula nyama mwaka mzima. Ule unaitwa lipoma, ni mafuta ya kawaida tu yamejikusanya, ngozi ya juu haina njano, hauna uhusiano na kolesteroli. Ukikua haraka, ukawa mgumu au unauma ndo uangaliwe.

Vile vidogo vyeupe vigumu kama chembe ya mchanga chini ya macho sio vyenyewe. Vya rangi ya ngozi vingi vingi chini ya kope, sio. Vile vyeusi vidogo vya mashavuni ambavyo sisi weusi tunavyo sana toka ukubwani, sio. Manundu ya gauti yanakaa viwikoni, vidoleni na masikioni kwa hiyo yanachanganya, ila gauti ina historia ya kiungo kuvimba na kuuma usiku mpaka shuka haligusiki, na wanapima yuriki asidi.

Na kuna hiki cha kwetu Dodoma, kipande cha njano kwenye weupe wa jicho lenyewe, pembeni ya mboni. Upepo wetu huu na vumbi na jua la mwezi wa nane mnavijua. Hicho ni jicho limeungua na jua, upepo na vumbi kwa miaka, kinaonwa na daktari wa macho, miwani ya jua inasaidia, hakihusiani na mafuta. Macho yote kuwa manjano nayo ni kitu kingine, hiyo ni nyongo, nenda hospitali.

Kupima kwanza au kutoa kwanza

Msimamo wangu nimeshausema, ila nieleze kwa nini kwa hela pia. Ukitoa kwanza, unalipa, unapona, afu vinarudi kwa sababu chanzo kipo, unalipa tena. Utafiti mmoja wa zamani, wa 1976, uliangalia waliotolewa zantelasma kwa upasuaji, kama asilimia 40 vilirudi baada ya mara ya kwanza, wale waliorudia mara ya pili asilimia 60 vikarudi tena, na mwenye navyo kwenye kope zote nne ndo ana hali mbaya zaidi. Ukipima kwanza unalipa kidogo, unajua kama una la kutibu, na ukishatulia ndo unaamua kuhusu sura bila haraka.

Ukifika dirishani sema unataka lipidi profaili, usiseme "kolesteroli" peke yake, mana unaweza kupewa namba moja tu ya jumla isiyokuambia chochote kuhusu LDL na trigliseridi. Ongeza sukari, na kama daktari anaona sababu, ini, figo na mkojo, na tezi. Kufunga kula masaa 9 mpaka 12 ni muhimu zaidi kama wanataka trigliseridi sahihi, maji unakunywa, kwahiyo panga asubuhi usije ukapanda daladala mchana na chips mayai tumboni. Na angalia kipimio, maabara moja itaandika 5.2 nyingine 200 ukadhani umekufa, ni kitu kile kile, ya kwanza ni milimoli ya pili ni miligramu. Kolesteroli ya miligramu gawa kwa 38.7, trigliseridi gawa kwa 88.6, unapata milimoli.

Wapi sasa? Zahanati nyingi hawana hicho kipimo ila presha na sukari wanapima na rufaa wanaandika, usiwadharau. Maabara binafsi ni haraka, unapata karatasi ndani ya siku, shida yake unabaki na karatasi mkononi bila mtu wa kukueleza, na nimeona watu wamejianzishia dawa kwa kuambiwa na muuza duka. Hospitali ya rufaa ya mkoa pale mjini foleni ipo lakini unaonana na daktari, kama una bima tumia. Hospitali ya Benjamin Mkapa kule upande wa chuo kikuu, UDOM, nawashauri zaidi wenye vya kisigino, watoto, na wenye kifua kubana wakipanda ngazi, mana hao ni wa kuangaliwa moyo pia, na ukiwa na rufaa mkononi unapunguza mzunguko. Mwenye vya kumwagika ghafla aende popote penye kitanda na maabara palipo karibu naye, kama yuko Manyoni basi Manyoni, asisafiri na sukari ya 19 kuja mjini.

Dawa na chakula

Chakula peke yake au vidonge? Kwa kaka yangu chakula kilikuwa karibu nusu ya tiba, mana trigliseridi zinashuka sana ukikata pombe, soda, juisi za sukari, vyakula vya kukaanga, na sukari ya damu ikidhibitiwa. Alipewa insulini mwanzoni, baadaye vidonge, na fenofibrati, dawa ya kushusha trigliseridi. Sasa safarini anakula ugali wa mtama na mlenda na samaki, anabeba maji yake.

Kwangu mimi chakula kilishusha kidogo tu. Nilibadilisha mafuta ya mgando nikarudi kwenye alizeti yetu ya Singida, nikapunguza nyama choma ya mafuta na ngozi ya kuku, baada ya miezi mitatu nikatoka 4.6 mpaka 4.1, daktari akasema vizuri ila kwa umri wako na presha yako inayopanda tuongeze atovastatini, kidonge cha kushusha kolesteroli cha kundi la statini. Kwa jirani wa visigino chakula kingeweza kufanya nini kwenye 8.4 ya kurithi? Yeye aliandikiwa vidonge siku ile ile, na ni vya maisha, sio dozi ya wiki mbili ukimaliza umepona. Hapo ndo wengi wanaacha. Mama anayetaka kushika mimba au anayo aseme kabla ya kuanza hizi statini. Vitunguu saumu na limao sina ugomvi navyo kwenye chakula, ila kama kisigino chako kina vinundu na babako alianguka na miaka 43, limao halikutoshi, nakwambia kwa upendo.

Vidonge vitaondoa vinyama vyenyewe? Vya kumwagika ndiyo, kwa wiki mpaka miezi. Vya kisigino vinapungua taratibu kwa miaka. Vya machoni kwa wengi vinabaki, na hapo ndo swali la kuvitoa linarudi kihalali.

Ukiamua kuvitoa

Upasuaji wa kukata unafaa kwa vikubwa na vilivyoingia ndani, unaisha siku moja, kovu kwenye kope huwa dogo, ila ngozi ya kope ni chache, wakikata nyingi kope inavutwa inabaki wazi, kwahiyo atafutwe daktari wa macho au wa upasuaji mwenye mkono wa kope.

Asidi, inaitwa TCA, ni rahisi na haina vifaa vingi, inafaa vya bapa na vidogo, unarudia mara kadhaa. Tatizo ni mkono. Ni asidi kali inayopakwa sentimita moja toka kwenye mboni. Kwa daktari wa ngozi naikubali, kwenye kiti cha saluni hapana, na hili baka langu ndo linanifanya niseme hivyo.

Kugandisha kwa naitrojeni baridi mimi nisingechagua kwa ngozi nyeusi, baridi inaua zile seli za rangi, unaondoa njano unapata nyeupe, na kope inavimba sana.

Leza ya kaboni dayoksaidi ni safi, damu haitoki sana, vinarudi vile vile kama damu haijatibiwa, na kwetu weusi rangi inaweza kubadilika pia hivyo uliza kama anayefanya amezoea ngozi yetu. Wengi huku wanaifuata Dar, na sasa na treni ya SGR sio safari ya kutisha, ila bei yake ni ya juu na bima usiitegemee mana wanahesabu ni urembo. Kuna pia wataalamu wa ngozi Moshi, pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya ngozi toka 1992, kwa ambaye ana ndugu Kilimanjaro.

Mimi mwenyewe kati ya hizo zote nilichagua kukatwa, baada ya LDL kushuka mpaka 2.3 na kukaa hapo miezi sita. Dakika 40, nyuzi zikatolewa siku ya sita. Ni mwaka na miezi minne sasa, kulia hakijarudi, kushoto kuna kadoa nakaangalia.

Jirani yangu yeye hakukatwa chochote, visigino vyake anavyo na anavaa viatu vya wazi nyuma. Alichofanya alikusanya watoto wake watatu siku ya Jumamosi wakiwa hawajanywa chai, akapanda nao bajaji mpaka maabara. Wawili wako sawa. Wa katikati, ana miaka 11, LDL yake 6.2, kisigino bado kiko laini kabisa, na wameshapangiwa kliniki. Kilichobaki sasa ni kwenda Kongwa kuwaambia wale watoto wa baba mdogo.